Mvua ya Kuazima: Sanamu ya Storm na Wahakiki Wake

Ni dhana iliyozoeleka katika idara za fasihi kwamba katuni ni chakula cha watoto, na kwamba sanamu ya mhusika wa katuni ni mwanasesere aliyepandishwa bei. Dhana hiyo ndiyo iliyowaachia wakusanyaji peke yao kazi ya kuzihakiki sanamu hizo. Nao wakusanyaji, kama ilivyo desturi ya mnunuzi yeyote, wameishia kupima uzito, kukagua maungio, kutafuta rangi iliyovuka mpaka wake na kuuliza iwapo kitako kinatulia juu ya rafu. Hayo si mambo ya kupuuzwa. Hata hivyo, iko sanamu ambayo uhakiki wa aina hiyo hautoshi katu, hasa kwa msomaji wa Thika au Ruiru, kwa kuwa sanamu yenyewe inadai asili ya kwao. Nayo ni sanamu ya Storm.

Storm, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ororo Munroe, alijitokeza kwa mara ya kwanza mwaka wa 1975 katika toleo la kwanza la Giant-Size X-Men, jarida la kampuni ya Marvel ya Marekani. Mwandishi alikuwa Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Katika hadithi hiyo msichana huyu yuko Kenya, na wanakijiji wanamwabudu kama mungu wa kike anayewateremshia mvua. Profesa Xavier anawasili, anamweleza kwamba yeye si mungu bali ni binadamu aliyezaliwa na kipawa kisicho cha kawaida, na kwamba ulimwengu mpana unamhitaji. Msichana anakubali, anaondoka. Mwaka wa 1976, katika toleo la 102 la X-Men, Chris Claremont alimtungia nasaba: mama Mkenya wa ukoo wa kifalme aitwaye N'Dare, baba mpiga picha wa magazeti kutoka Marekani, utoto wa Cairo, na wazazi waliouawa na ndege iliyoiangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez. Filamu ya mwaka wa 2000, iliyomtumia Halle Berry, ilimfikisha hata kwa watu wasiowahi kufungua jarida la katuni.

Sanamu zake ni nyingi. Kampuni za Marekani kama Bowen Designs na Sideshow zimemtengeneza, na kubwa miongoni mwazo huwa katika kipimo cha robo ya mwili wa mtu, yaani nusu mita na ushei. Malighafi ni mchanganyiko wa resini na unga wa mawe, unaomiminwa katika kalibu na kisha kupakwa rangi kwa mkono. Kwa upande wa fani, haki ni kukiri kwamba kazi hizi si za ovyo. Mchongaji wa Storm ana tatizo ambalo mchongaji wa shujaa mwenye misuli hana: nguvu ya mhusika wake haimo mwilini, imo hewani, na hewa haichongeki. Basi upepo husomwa kwenye joho lililofura na nywele nyeupe zilizorushwa upande mmoja, huku viganja vilivyofunguka vikionyesha kwamba kitu fulani kinaitwa kutoka juu. Mchongaji hodari huufanya mwili utulie katikati ya vurugu hiyo yote, na utulivu huo ndio unaomwambia mtazamaji nani anaitawala dhoruba. Anayedai kwamba huo si ujumi hajui maana ya ujumi.

Ila mvua hiyo inamnyeshea nani? Hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapopaswa kuipokea kazi kutoka kwa mkusanyaji, na hapa ndipo anaponyamaza.

Katika hadithi ya 1975 wanakijiji wanahitajika kwa kurasa chache tu. Wanapiga magoti, wanaomba, wanapata mvua, kisha shujaa anachukuliwa. Hakuna anayeuliza msimu unaofuata utakuwaje, wala nani atakayejibu pale mahindi yatakaponyauka. Sanamu inakamilisha kazi iliyoanzwa na hadithi: inawafuta kabisa. Chini ya miguu ya Storm kuna kitako tu, aghalabu mwamba, wingu au umeme uliogandishwa. Mungu wa mvua amebaki bila waombaji, na Kenya imebaki kuwa neno katika maelezo ya bidhaa.

Neno lenyewe halikuandikwa kwa uangalifu. Binti wa ukoo wa kifalme, lakini mfalme gani? Wanga walikuwa na Nabongo wao, hilo linajulikana. Jamii nyingi za Kenya, wakiwamo Wagikuyu ambao Thika na Ruiru zimo katika nchi yao, ziliendesha mambo yao kwa mabaraza ya wazee, bila kiti cha enzi. Baadaye Storm anahusishwa na nyanda za Serengeti, ambazo kwa sehemu kubwa ziko Tanzania, na hilo halikumkosesha usingizi mhariri yeyote wa New York. Kuhusu mvua, Kenya ina ukoo wa Nganyi wa Bunyore, katika kaunti ya Vihiga, ambao wazee wake hutabiri misimu kwa kuchunguza miti, wadudu na ndege, na ambao wameshirikiana na wataalamu wa Idara ya Hali ya Anga kutayarisha utabiri wa pamoja. Hao ni watu wa mvua wenye elimu na mipaka ya elimu yao. Hawapigiwi magoti, huulizwa, na huweza kupingwa.

Ikumbukwe pia mwaka wenyewe. Mnamo Machi 1975 J.M. Kariuki aliuawa, na nchi ikatetemeka. Jijini Nairobi lilikuwa likiuzwa jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka wa 1973 na Terry Hirst na Hilary Ng'weno, ambalo mhusika wake mkuu alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, mwenye kucheka ili asilie. Thika ulikuwa mji wa viwanda, na mananasi yake yalikuwa yakitiwa mikebeni kwenda ng'ambo. Kwa hiyo Kenya ya vibonzo na Kenya ya mishahara zilikuwapo zote mbili, zikichorwa na kusomwa, mwaka uleule ambao Marvel iliamua kwamba Kenya ni kijiji kinachosubiri mvua kutoka kwa msichana mwenye macho ya buluu.

Kuna watakaojibu kwamba ni afadhali kuwapo kuliko kutokuwapo. Hoja hii ina uzito kuliko zile za kawaida. Storm alikuwa miongoni mwa mashujaa wa kwanza wa kike weusi kupewa nafasi kubwa katika majarida ya Marekani, baadaye akawa kiongozi wa wenzake, na msichana wa Ruiru anayemwona akiamuru radi anapata kitu ambacho vitabu vingi vya shule havikumpa mama yake. Mhakiki anayemcheka msichana huyo hastahili kusikilizwa. Lakini furaha ya kujiona haimzuii mtu kuuliza amechorwaje. Msomaji huweza kumpenda mhusika na bado kumdai mwandishi deni lake. Kwa hakika, anayempenda ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kudai.

Wengine watajibu kwa kukimbilia upande wa pili: achaneni na resini ya wageni, turudieni kinyago chetu cha asili. Hawa nao wanajidanganya. Uchongaji wa Wakamba wa Wamunyu, unaojaza maduka ya watalii, ulipata msukumo wake kutoka kwa Mutisya Munge, aliyejifunza mtindo wake Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Tangu hapo wachongaji wamewatengenezea wageni maelfu ya mashujaa wa Kimaasai wenye shingo ndefu, wasiofanana na Mmaasai yeyote anayeishi. Kenya ya uongo haikubuniwa New York peke yake. Imechongwa pia nyumbani, kwa mti wa mpingo na kwa rangi ya viatu, kwa sababu mgeni alikuwa tayari kuilipia. Tofauti ni kwamba mchongaji wa Wamunyu aliuuza uongo huo ili alipe karo, na hakudai hakimiliki.

Suala hili la hakimiliki ndilo wakusanyaji wanalolipita kwa haraka mno. Sanamu ya kifahari huja na nambari yake katika toleo lenye idadi maalumu, na nambari hiyo huongeza thamani. Kitako hubeba jina la kampuni, na mchongaji wa sampuli ya kwanza hutajwa katika matangazo. Wale waliozipaka rangi nakala moja baada ya nyingine katika viwanda vya China, waliochora nyusi zile ambazo mkusanyaji anazikagua kwa kurunzi, hawatajwi popote. Katika hili Wamunyu na kiwanda ni ndugu: mmoja hukata gogo, mwingine husugua, wa tatu hung'arisha, na kazi huondoka bila jina. Uhakiki unaoisifu rangi bila kuuliza nani aliyeipaka ni uhakiki wa nusu.

Sasa radi. Thika ina bustani iitwayo Mugumo, na bustani hiyo ina hadithi ambayo Marvel ingeilipia fedha nyingi kama ingeijua. Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wagikuyu aliyewaambia watu wake kuhusu nyoka wa chuma na wageni wenye nguo kama mabawa ya vipepeo, anasimuliwa kuwa alitabiri pia kwamba utawala wa wageni ungekoma siku ambayo mti wa mugumo wa Thika ungeanguka. Inasimuliwa kwamba wakoloni waliuzungushia kizuizi ili usianguke. Radi ikaupiga, na mwaka wa 1963 mti ukawa chini. Katika hadithi hii mna dhoruba, mna dola iliyoogopa mti hadi ikaufunga mkanda, na mna umma uliongoja, lakini uliongoja ukijua unachongoja. Radi ya Thika haikuamriwa na mtu aliyenyosha mikono. Ilikuja yenyewe na kuwakuta watu wakiwa wameshaandaa maana yake. Hiyo ni radi yenye fasihi ndani yake, na abiria wa barabara kuu ya Thika huipita kila siku.

Abiria hao, tena, hawajalala. Tangu masharti ya waziri John Michuki ya mwaka wa 2004 yaliyoyavika matatu mstari wa manjano, hadi michoro iliporuhusiwa upya muongo mmoja baadaye, wachoraji wa mabasi wamewachanganya mashujaa wa katuni na wanamuziki, manabii na wachezaji kandanda, kwa rangi ya kupuliza, bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Shujaa wa ng'ambo anayeingia Ruiru ubavuni mwa basi hutoka huko akiwa na majirani ambao mwenyewe hakuwachagua. Ni usomaji wa kina, ingawa haujawahi kupewa alama na mtahini yeyote.

Kinachokosekana ni hatua inayofuata, na lawama hapa ni ya wasomi kuliko ya wafanyabiashara. Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na karatasi zake zikaishia kufungia nyama. Mfululizo wa Pichadithi alioanzisha Hirst katika miaka ya 1980 ulizigeuza ngano za Kenya kuwa vibonzo vya rangi, na miongoni mwa mashujaa wake yumo Lwanda Magere, Mjaluo ambaye mkuki haukupenya mwili wake kwa kuwa ulikuwa wa jiwe. Tasnifu ngapi zimeandikwa juu ya wahusika hao, zikilinganishwa na zile zinazorudia kuchambua riwaya tano zilezile za mtihani? Mafundi wanaofyatua nguzo na mitungi ya saruji kando ya barabara wanajua kalibu ni nini. Waliokosa ni wa kuwaambia kwamba yuko shujaa wa kumimina, na kwamba hadithi yake tayari inaishia katika jiwe, lile ambalo watu wa Kano bado wanalionyesha.

Kazi hiyo haitakuwa rahisi kuliko ya yule anayechonga upepo. Lwanda Magere aliuawa kwa kuchomwa kivuli. Mkewe wa kigeni ndiye aliyeitoa siri. Mwili wake ni jiwe, hivyo malighafi haina ubishi, lakini uhai wake uko chini, pale mwanga unapoangukia, na kivuli hakimiminwi pamoja na kitako. Atakayeichukua kazi hiyo itambidi aanze na taa: aamue isimame upande gani, juu kiasi gani, na mkuki wa adui uelekezwe wapi kwenye kile kitakachoonekana sakafuni.