JENERALI MSTAAFU NA VITA VYA NG'AMBO YA RUVUMA

Wapo watu, hata leo, wasemao kwamba Mreno hakushindwa vita vya Msumbiji. Wasema majeshi yake yalikuwa karibu kushinda, ila wanasiasa wa Lisbon wakautupa ushindi ule. Aliyelishikilia neno hilo kuliko wengi ni Jenerali Kaúlza de Arriaga, mkuu wa majeshi ya Ureno katika Msumbiji tangu 1970 hata 1973. Baada ya kuvua sare alilisema tena na tena, akaandika kujitetea, hata alipofariki mwaka 2004, na mjadala wake bado wafukuta huko kwao. Sisi twaona yafaa lijibiwe kutoka huku, maana vita hivyo vilipiganwa ng'ambo ya mto tu kutoka Mahurunga, na watu wa bonde hili hawajaulizwa.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatumlaumu kwa kusema. Askari aliyestaafu ni raia kama mkulima wa mpunga, na akiona vita viliongozwa vibaya, aseme. Serikali inayowafumba midomo wanaovijua vita hujidhuru yenyewe, na shahidi ni Ureno hiyo hiyo. Mwezi wa Februari 1974 Jenerali António de Spínola, aliyetoka kuongoza vita vya Guinea, alitoa kitabu akisema vita vya Afrika haviwezi kumalizwa kwa bunduki. Yeye hakuwa amestaafu. Alikuwa naibu mkuu wa majeshi yote. Waziri Mkuu Caetano alifanya nini? Tarehe 14 Machi majenerali wazee walikwenda mbele yake kuapa utii, na watu wa Lisbon wakawabatiza jina la kikosi cha baridi yabisi. Spínola na mkuu wake, Costa Gomes, hawakuhudhuria, wakafukuzwa kazi. Wiki sita hazikupita, tarehe 25 Aprili, maofisa vijana waliangusha serikali nzima.

Lakini tusimvike Spínola kilemba kisicho chake. Alichotaka yeye ni shirikisho, yaani Msumbiji ijitawale kidogo huku bendera ya Ureno ikipepea juu. Aliona ngoma imepasuka, naye akataka iendelee kupigwa taratibu.

Sasa turudi kwa Kaúlza, maana ndiye aliyepigana karibu nasi. Tarehe 1 Julai 1970 alianzisha shambulio lake kubwa, aliloliita Fundo la Gordio, kwa maelfu ya askari, ndege na mizinga, juu ya uwanda wa Mueda, nchi ya Wamakonde. Kambi kubwa za FRELIMO zilichukuliwa, naye akatangaza ushindi. Ushindi gani? Wapiganaji waligawanyika makundi madogo madogo wakamwachia makambi matupu, na wakati majeshi yake yamejazana Cabo Delgado, FRELIMO ilizidi kukaza vita huko Tete, lilikojengwa bwawa la Cahora Bassa. Mwaka 1972 vita vikashuka hata Manica na Sofala. Kama huko ndiko kukaribia kushinda, basi anayezama naye amekaribia ufuko.

Tena katika Tete hiyo, tarehe 16 Desemba 1972, askari wa Ureno waliua watu wa kijiji cha Wiriyamu, wanawake na watoto pamoja. Ulimwengu ulipata habari Julai 1973, gazeti la The Times la London lilipochapa ushahidi wa mapadre. Mkuu wa majeshi wakati huo alikuwa Kaúlza. Jenerali akitaka kulaumu uongozi wa vita, na aanzie hapo, siyo kwa wanasiasa.

Kosa kubwa la majenerali hawa wawili ni kudhani kwamba shauri lilikuwa la uongozi tu: huyu angeongezewa askari, yule angepewa ruhusa ya kupatana. Watu wa Mueda walikuwa wamekwisha kata shauri lao tangu tarehe 16 Juni 1960, walipopigwa risasi mbele ya ofisi ya mtawala Mreno walikokwenda kudai uhuru kwa maneno. Baada ya hapo, mkuu gani wa majeshi angeweza kuwarudisha?

Wala Mreno hakupigana na FRELIMO peke yake. Wakimbizi walivuka Ruvuma wakapokewa upande huu. Wapiganaji walifundishwa Nachingwea. Silaha na vyakula vilivushwa kwa mitumbwi usiku. Kwa ajili hiyo vijiji vyetu vya mpakani vilipata mabomu ya ndege na mabomu ya kutegwa ardhini. Katika hesabu za Kaúlza mtu wa mtumbwi hana mstari wake, naye ndiye aliyeharibu hesabu yote.

Twalileta jambo hili sasa kwa sababu moja. Kitabu cha jenerali kipo maktabani. Kijana aliyepiga kasia mwaka 1970 akiwa na miaka ishirini, leo amepita sabini na tano, na wenzake wengi wamekwisha zikwa. Tena ng'ambo hiyo hiyo vita vingine vilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 vikamwaga damu Kitaya, jirani yetu. Navyo vitapata majenerali wake wastaafu wa kuvieleza.

Basi twawataka makatibu wa matawi, kuanzia Mahurunga hata Newala, wanunue daftari, wakae na wazee hao kabla ya msimu wa kulima, waandike nani alivusha nini, kivuko kipi, mwaka gani, na nani hakurudi. Wasingoje barua kutoka makao makuu.