Tukipima njaa, tuwaulize na watoto

Mhariri,

Kila zinapotangazwa takwimu za upungufu wa chakula, mimi mwalimu wa shule ya msingi hujiuliza: aliulizwa nani? Mara nyingi ni mkuu wa kaya. Hata kipimo cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) chenye maswali 8 huulizwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Mwanafunzi wangu wa darasa la tatu hayumo.

Mzazi hadanganyi, huamini amemficha mwanawe shida. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walizungumza na watoto wenyewe. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa watoto huitambua njaa ya nyumbani, na wengine hujipunguzia chakula ili kidumu. Si mara zote wazazi walijua.

Nami nimeyaona darasani. Mwaka jana msichana mmoja alikuwa akinywa nusu ya uji wa shule, nusu akiimimina kwenye chupa ya maji. Nilipomuuliza kwa upole, alinong'ona, "Wa mdogo wangu, Mwalimu." Mama yake alipoitwa alibubujikwa na machozi. Hakuwa na habari.

Nawasihi wataalamu wetu wa takwimu wawaulize watoto pia, kwa maneno mepesi, faraghani, na kwa idhini ya wazazi. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Mwalimu wa darasa la tatu,
Singida