Chuma Humlinda Aliye Ndani

Jumapili hii tutafakari jambo ambalo ni nadra kulisikia madhabahuni: gari la deraya.

Magari ya aina hii hubeba askari wa miguu hadi karibu na adui, kisha mlango wa nyuma hufunguliwa nao hushuka. Mwaka 1967 Muungano wa Kisovieti ulionyesha hadharani gari lake liitwalo BMP-1. Lilikuwa na uzito wa tani 13 hivi, waendeshaji 3 na askari 8 nyuma. Gari la Ujerumani la siku hizi, Puma, likivikwa chuma chake chote hufika tani 43, na nyuma hukaa askari 6. Chuma kimeongezeka zaidi ya mara tatu, lakini wanaobebwa wamepungua.

Tena uzito huo unahitaji daraja imara na ardhi ngumu. Wewe unayeishi Mpanda unajua mvua inavyoifanya barabara ya vumbi, hata lori la mahindi likakwama. Soma Waamuzi sura ya 4 na ya 5. Sisera alikuwa na magari ya chuma 900, lakini mto Kishoni ulipofurika, jemadari huyo aliliacha gari lake akakimbia kwa miguu.

Sisemi haya kwa dhihaka. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, ambako vijana wetu wa JWTZ wamekwenda kulinda amani. Desemba 2017, huko Semuliki, Kivu Kaskazini, zaidi ya 10 kati yao waliuawa katika shambulio moja. Mama mwenye mwana jeshini ana haki ya kutaka mwanawe akae nyuma ya chuma kinene, na kanisa lina wajibu wa kumwombea kijana huyo.

Ila tusisahau kwamba chuma humlinda aliye ndani. Mwanakijiji aliye nje hapati kitu mpaka mlango ufunguliwe na mtu ashuke. Gari likibaki limefungwa siku nzima, litawarudisha askari salama, lakini kijiji kitakuwa kimeteketea.

Katavi yetu inalijua somo hili. Mwaka 1879 Wabelgiji walianzisha kituo chao Karema, kando ya ziwa, wakakijengea ngome. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Miaka minne baadaye alifika Adrian Atiman, Mwafrika aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu Malta. Alihudumu kama katekista na tabibu hadi alipofariki mwaka 1956. Wagonjwa hawakuja Karema kwa ajili ya unene wa kuta. Walikuja kwa sababu palikuwa na mtu wa kuwapokea.

Mwaka 1972 ndugu zetu wa Burundi walikimbia mauaji, na wengi wao wakapewa ardhi Katumba na baadaye Mishamo. Walilima, wakazaa, wakajenga makanisa. Mwaka 2014 taifa lilitangaza uraia kwa watu zaidi ya 160,000 kutoka makazi hayo na Ulyankulu. Serikali ilikwisha kufungua mlango. Je, sisi waumini? Ukimwita jirani huyo mkimbizi hadi leo, ukimnyima nafasi katika baraza la wazee wa kanisa au ukakataa mwanao asioe kwao, umeufunga tena ukiwa umeketi ndani.

Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 6, anatuagiza kuvaa silaha zote za Mungu. Tunapenda kuhubiri ngao na chapeo. Mstari wa 15 tunaupita haraka, nao unahusu miguu: iwe tayari kwa Injili ya amani. Aliyevikwa na Mungu huvikwa ili atembee kumwendea mwenzake.

Mpendwa, leo baada ya ibada usiondoke na wale wale uliokuja nao. Mtafute jirani ambaye hujawahi kuingia kwake, mwombe akukaribishe, na ule chakula chake. Kisha ombeeni pamoja askari wetu walio mbali, ili warudi nyumbani wazima.

Jumapili njema, na Bwana akubariki.