Kilomita 820 Zinazogeuka 8,000

Kutoka Iqaluit, makao makuu ya Nunavut kaskazini mwa Kanada, hadi Nuuk, mji mkuu wa Greenland, ni kilomita 820 hivi angani, karibu sawa na Dar es Salaam hadi Mwanza. Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8 (ukoo mmoja na Bombardier za Air Tanzania) huzimaliza kwa saa mbili hivi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini kwa msafiri haina maana kama hakuna ndege. Air Greenland ilianzisha safari hizo mwaka 2012, zikafa baada ya miaka michache, zikarejea 2024 kwa ushirikiano na shirika la Canadian North: mara moja kwa wiki, tena majira ya joto tu. Nje ya msimu huo, mtu wa Iqaluit hushuka kusini hadi Ottawa, akaenda Toronto, akavuka bahari hadi Iceland, ndipo apande ndege ya kurudi magharibi hadi Nuuk. Jumla ni karibu kilomita 8,000, na akikosa kuunganisha ndege mahali pamoja tu, hulala njiani. Kwa hiyo nasema umbali wa huko hupangwa na ratiba, na fedha za serikali zielekezwe kwenye ratiba.

Wapo watakaosema abiria hawatoshi. Nuuk ina watu kama 20,000, Iqaluit haifiki 10,000. Nani atajaza viti? Hoja hiyo ina uzito, nami sidai ndege iruke kila siku. Lakini Nunavut ina makazi 25 na hakuna barabara inayoyaunganisha. Greenland nayo haina barabara kati ya mji na mji. Pasipo barabara, ndege ndiyo barabara, na hakuna anayeidai barabara ya kijijini ijilipie kwa nauli. Isitoshe, Wainuiti, wenyeji wa asili wa pande zote mbili, ni ndugu kwa asili na lugha. Safari inayofutwa kila baada ya misimu michache haiwezi kujenga biashara wala mazoea ya kutembeleana. Abiria hawapangi safari kwa kubahatisha.

Wengine hulaumu hali ya hewa. Ni kweli ukungu na upepo huchelewesha ndege, na rubani hulazimika kubeba mafuta ya akiba mengi kwa sababu kiwanja mbadala kiko mbali. Lakini mwishoni mwa 2024 Nuuk ilifungua njia mpya ya kurukia yenye mita 2,200, na kiangazi cha 2025 shirika la Marekani la United likaanza kuruka moja kwa moja kutoka Newark, jirani na New York, karibu kilomita 3,000, kwa saa nne hivi. Ukungu ni uleule. Kilichobadilika, pamoja na njia ya kurukia, ni kwamba watalii wa New York wamepata shirika lililoona faida ya kuwabeba, na jirani wa Iqaluit bado anasubiri msimu.