Tukistaafu Twende Bumbire?

Baba watoto amepata mahali pa kuzeekea. Tatizo ni kwamba na mimi kanijumlisha humo humo, kama begi la pili. Mahali penyewe ni kisiwa cha Bumbire, ndani ya Ziwa Victoria, wilaya ya Muleba, Kagera. Wazee wa Kiingereza wakichoshwa na baridi ya kwao wanahamia Cyprus au Malta kuota jua, basi mwenzangu anasema na sisi tuna visiwa vyetu, tena vyenye sato watamu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kisiwa kwangu ni mahali pa kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili jioni.

Najua unachowaza, shosti: miaka thelathini na kitu, habari za kustaafu zimetoka wapi? Ni kweli, mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na ni lazima akifika 60, kwa hiyo sisi bado tuna miaka ishirini na ushee. Lakini hebu hesabu marafiki zako walioolewa. Wangapi waume zao wanajenga kijijini kwao, tofali kwa tofali, kila bonasi mifuko kumi ya saruji, na mke hajawahi kuulizwa kama ataishi humo? Mimi niliulizwa, kwa hilo namshukuru. Nikajibu siwezi kusema ndiyo wala hapana kwa mahali ambapo sijawahi kulala. Tukachukua likizo, watoto tukawaacha kwa mama yangu, safari.

Ukitoka Dar kwa gari hadi Bukoba ni kama kilomita 1,400, halafu unashuka tena kusini kuelekea Muleba, halafu ziwa. Kutoka mwaloni tulipanda boti ya injini ya kupachika pamoja na magodoro, kreti za soda, mabati na mama mmoja aliyekuwa na kuku wanne waliotulia kuliko mimi. Kila mtu wa Kagera ana kumbukumbu zake za maji. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na zaidi ya watu 800 wakafa, na mpaka leo hukai na watu wazima wawili wa huko bila mmoja wao kuwa na ndugu aliyekuwemo. Novemba 6, 2022 ndege ikaangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba, watu 19 wakafariki, na waliofika wa kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Niliyakumbuka yote hayo katikati ya ziwa. Baba watoto yeye alikuwa anapiga picha.

Tuseme ukweli, kisiwa ni kizuri. Vilima vya nyasi, mawe makubwa, migomba nyuma ya nyumba, na hewa ambayo Dar hatujawahi kuinusa. Mtu aliyezoea foleni ya Mwenge anaweza kulia. Giza likiingia, mitumbwi ya dagaa inawasha taa, na ziwa linageuka mji. Nilidhani wanavua hivyo kila siku, kumbe mwezi ukishakuwa mkubwa taa hazifui dafu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanapumzika mpaka giza lirudi. Kisiwa kizima kinaishi kwa kalenda ya mwezi: madukani watu wanakopa kipindi cha mbalamwezi, wanalipa kipindi cha giza. Asubuhi dagaa wameanikwa kila mahali na harufu yake haibishi hodi. Unaizoea siku ya tatu. Siku ya pili bado.

Kwa wanaopenda historia, Bumbire iliwahi kuwa gumzo Ulaya na Marekani. Mwaka 1875 Stanley, yule msafiri aliyekuwa akigharamiwa na magazeti ya Daily Telegraph na New York Herald, alifika hapo mwezi Aprili na wenyeji hawakumtaka. Agosti akarudi na bunduki na kuwamiminia risasi watu waliokuwa ufukweni, halafu mwenyewe akayaandika yote magazetini kwa kujisifu, mpaka baadhi ya Waingereza wenzake wakamjia juu. Sisi tulianza ofisi ya mtendaji wa kijiji, tukasaini kitabu cha wageni.

Tulifikia kwa shangazi yake baba watoto, aliyeolewa kisiwani akiwa binti na sasa ni mjane. Alitukaribisha kwa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, na ndizi na samaki, na mume wangu akapakuliwa mara tatu kama mtoto aliyetoka bweni. Usiku wa pili, wanaume wakiwa nje, nikamuuliza shangazi kama anapapenda. Akacheka. Akasema alipapenda mume wake alipokuwa hai, siku hizi amepazoea tu. Mumewe alipofariki, shemeji walikaa kikao juu ya kibanja, na yeye akaambiwa atabaki kwa sababu ana mwana wa kiume. "Ningekuwa na mabinti watupu, mwanangu, ungenikuta Muleba kwa kaka yangu," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Mimi nina mabinti wawili. Nililala macho wazi.

Tulipowasha tena intaneti, nilianza kusoma, na nikakuta kwamba habari hii imefika mahakamani kutokea wilaya hiyo hiyo. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kuwa mila hiyo inabagua na inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayosema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Safi kabisa. Lakini Amri ya Sheria za Mila ya 1963 ilishaandika kwamba mjane hana fungu katika urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, watoto ndio watakaomtunza, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ilikuwa bado inaiambia Tanzania ibadilishe mambo hayo. Sasa kaa ujiulize shemeji watasoma kipi siku ya kikao.

Kwa hiyo nilimweleza mume wangu wazi, tukiwa tumekaa juu ya jiwe tunaangalia maji. Nikamwambia hapa pazuri, lakini mnavyopenda kuoa wadogo zenu, hesabu zinaonyesha wewe utatangulia. Nitabaki mimi. Kihaya sikijui, mabinti wako mjini, na ardhi ni ya kina nani? Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa nawaza kuvua samaki tu." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu ni kweli, ndicho alichokuwa anawaza.

Ila kwa kuwa tumeanza, tukaendelea. Sharti langu la kwanza ni kwamba hatujengi kwenye kibanja cha ukoo. Tutaomba eneo kwa Halmashauri ya Kijiji, lipite kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, na hati ya kimila isomeke majina mawili, lake na langu. Hakukataa, ingawa alisema kaka zake watashangaa. Washangae akiwa hai ili awajibu mwenyewe. La pili lilimuuma zaidi: ile nyumba aliyoichora kichwani, baraza linaloning'inia juu ya maji, haiwezekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za binadamu zikae mita 60 kutoka kingo za ziwa. Alizipima kwa hatua. Tukaishia kwenye mgomba wa tatu.

Hospitali sikuwa na haja ya kuhubiri. Wilaya ina Rubya na Ndolage, hospitali za misheni zenye jina kubwa, lakini zote ziko nchi kavu, na presha haisubiri upepo utulie. Shangazi ana presha. Dawa zake zinakuja na boti, na boti isipokuja anakunywa nusu nusu. Nilimtazama mume wangu alipokuwa akiyasikia hayo na nikaona uso umembadilika kuliko nilipokuwa nikiongea mimi.

Pesa nazo? Wenzangu mlio na waume serikalini mnakijua kikokotoo. Mwaka 2018 mkupuo ulitaka kushushwa hadi asilimia 25, Rais Magufuli akausimamisha, Julai 2022 ikawa 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza 40 kwa wale waliokuwa wakilipwa 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Ndani ya miaka sita tu. Mtu anayepanga nyumba ya miaka ishirini ijayo kwa mkupuo wa leo namwonea huruma, hivyo tumefungua akaunti ya pembeni, kidogo kidogo, na mimi nachangia ili siku ya kusaini hati mtu asiniulize nimeleta nini.

Tulipoondoka shangazi alinipa furushi la dagaa na kuniambia nirudi bila mume wangu, tuongee vizuri. Nitarudi naye hivyo hivyo, lakini Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mwambao ule hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Nimemwambia nataka kulala Bumbire siku nne ikinyesha, dagaa haikauki, na boti hakuna, halafu ndipo aniulize tena.