Ghala Limejaa, Mtoto Hakui

Tumbo la mtoto wa miezi minane halipokei zaidi ya kikombe kimoja cha chakula kwa mara moja. Kwa mtoto wa kilo nane ni kama mililita 240, basi. Mtu mzima aweza kula mchana akashiba, akafanya kazi mpaka usiku ndipo ale tena. Mtoto hawezi, hata akitengewa sufuria zima. Ndiyo maana hana budi kulishwa kidogo kidogo na mara nyingi: kuanzia miezi sita milo miwili au mitatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa milo mitatu au minne, pamoja na kitafunwa kimoja au viwili katikati, juu ya maziwa ya mama ambayo huendelea hadi miaka miwili na hata zaidi. Kila mlo wataka mtu wa kuupika au kuupasha moto, kumnawisha mtoto mikono, kukaa naye chini na kungoja ameze. Ikijumlishwa, hiyo ni kazi ya saa nyingi kila siku, na katika nyumba nyingi imeachiwa mtu mmoja ambaye tayari amebeba kazi nyingine zote.

Wengi wakisikia mtoto ana utapiamlo hudhani kwao kuna njaa. Takwimu za Tanzania zinakataa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya muda mrefu. Mkoa uliozidi yote ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikuwa katika hali hiyo; Njombe na Rukwa ilifuatia kwa karibu nusu. Hii si mikoa ya ukame. Ndiyo inayopeleka mahindi, viazi na maharage mijini. Huko ndiko maparachichi yanakopakiwa kwenda ng'ambo. Na udumavu si ufupi wa kurithi kwa babu. Unagusa ubongo, unagusa uwezo wa kujifunza darasani, na sehemu kubwa ya hasara yake hutokea kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, muda ambao ukipita ni vigumu mno kuurudia.

Inawezekanaje basi ghala lijae na mtoto asikue? Jibu liko katika mwendo wa siku. Msimu wa kupanda na kupalilia mama hudamka gizani, akapika uji, akamnywesha mtoto haraka haraka, akashika jembe. Mtoto huenda naye mgongoni, au huachwa na dada yake ambaye naye bado ni mtoto. Moto hauwashwi tena hadi jioni, ugali unapopikwa kwa ajili ya nyumba nzima, na saa hiyo mdogo huyo keshasinzia. Kati ya uji wa asubuhi na ugali wa jioni imepita siku nzima tumboni mwa mtu asiyeweza kuweka akiba. Mahindi yapo, aliyekosekana ni wa kuyasogeza mdomoni kwa wakati wake.

Iringa yenyewe iliwahi kuonyesha njia. Kuanzia mwaka 1983, serikali pamoja na mashirika ya UNICEF na WHO, kwa fedha kutoka Italia, iliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito kijijini kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, wanaume wakiwamo: huyu amepungua kwa nini? Sababu ziliangaliwa kwa mafungu matatu, chakula, afya na matunzo, na mtazamo huo ukaja kuingia katika mwongozo wa lishe ambao UNICEF iliutoa kwa dunia nzima mwaka 1990. Vijiji vikaweka mahali pa kulishia watoto mchana wazazi wakiwa shambani. Utapiamlo mkali ulipungua katika miaka michache. Inauma kuona mkoa uliofundisha wengine kwamba matunzo ni sawa na chakula ndio leo unaoongoza kwa udumavu. Lakini somo halijafutika, na linafaa kufuatwa kwa utaratibu tangu siku ya kwanza.

Katika miezi sita ya mwanzo kazi ni moja: kunyonyesha, pasipo maji, chai wala uji. Mtoto awekwe titini ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apate dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya manjano ambayo bado wako wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani yameharibika. Hayo ndiyo kinga yake ya kwanza. Shida huja mtoto anapolia usiku. Mashangazi, majirani na hata baba huamua kwamba maziwa hayamtoshi. Mmoja analeta dawa ya mchango, mwingine anakoroga uji mwepesi. Kumbe kila kijiko kinachotangulia hupunguza kunyonya, na titi lisilonyonywa hupunguza kutoa. Mtoto anayekojoa vizuri na kuongezeka uzito kliniki ameshiba, hata akilia. Kinachohitajika ni kumpa mama nafasi ya kunyonyesha kila mtoto anapotaka, usiku na mchana, naye ale na apumzike.

Hapa desturi ya arobaini yastahili sifa. Mzazi hupikiwa mtori na supu, hufuliwa nguo, hupokewa mtoto ili alale. Waliotunga desturi hii walijua kwamba anayelisha hana budi kulishwa. Ila msaada huo huisha mapema. Siku ya arobaini wageni huaga, kanga hukunjwa, na mama hurudia kuni na maji. Mwezi wa sita unapofika, pale kazi ya kumlisha mtoto inapokuwa ngumu kuliko wakati mwingine wowote, hakuna hata mmoja wa wale waliofurika nyumbani juma la kwanza. Lingekuwa jambo la busara familia zigawe msaada wao upya: nusu arobaini, nusu miezi sita. Shangazi aliyekuja na kuku wakati wa uzazi aje tena na karanga na mikono yake miwili mtoto anapoanza kula.

Kosa la kwanza la chakula cha nyongeza ni uji mwepesi kama maji. Mtoto hunywa kikombe kizima, tumbo likajaa, na alichopata ni maji yenye unga kidogo. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kuchuruzika, uongezwe karanga zilizosagwa, mafuta kidogo au maziwa. Kwa mtoto anayeshindwa kumeza uji mzito ipo hila ya zamani inayofaa kurudishwa jikoni: kimea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliuchunguza unga huu ambao wapika pombe wanaujua tangu kale. Ulezi huchambuliwa, hulowekwa usiku mmoja, hutandazwa juu ya gunia bichi na kufunikwa. Baada ya siku mbili tatu huchipua. Huanikwa juani hadi ukauke, hupukuswa vichipukizi, kisha husagwa. Uji mzito ukishaiva huepuliwa, huachwa upoe kidogo, kisha hutiwa kijiko kimoja cha kimea na kukorogwa. Katika dakika chache uji uliokuwa ukisimamisha mwiko hulegea mpaka mtoto akaunywa, na haukuongezwa hata tone la maji. Kinachofanya hivyo ni kimeng'enya cha nafaka iliyochipua, ambacho huvunja wanga. Uji ukiwa moto sana kimeng'enya hicho hufa, ndiyo maana ya kupoza kwanza. Baadaye uji hurudishwa jikoni uchemke kidogo. Nafaka iliyoota ukungu isitumike kabisa.

Na ukungu ndio unaoleta neno kuhusu ule unga wa lishe wa nafaka saba, kumi, kumi na mbili, uliochanganywa na karanga na dagaa na kusagwa pamoja. Wazazi huununua kwa nia njema, wakiamini wingi wa aina ndio ubora. Lakini mchanganyiko uliosagwa zamani na kukaa kwenye mfuko huficha karanga mbovu, na karanga na mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara na ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Nafaka moja na jamii ya kunde moja, zilizochambuliwa kwa macho na kusagwa kidogo kidogo, zatosha. Dagaa wapikwe kivyao.

Tena mtoto hapaswi kuishi kwa uji. Baada ya miezi sita akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana, na maziwa ya mama hayawezi kuifidia peke yake. Zaidi ya nusu ya watoto wadogo wa Tanzania wana upungufu wa damu. Maini, nyama, samaki, dagaa, mayai, maharage yaliyopondwa, mchicha, boga, viazi lishe, parachichi: vyote hivi vyaweza kulainishwa akala. Kinachomzuia mara nyingi si bei bali ngazi ya ukubwa mezani. Mboga ikipakuliwa, vipande humwendea baba, kisha wageni, kisha wakubwa. Mdogo hupewa ugali uliochovywa mchuzi, na huambiwa nyama itamsumbua. Mchuzi una ladha ya nyama, nyama yenyewe haimo. Baba anayeona uchungu wa kweli kwa mwanawe na ashike finyango lake, achambue nusu, amsagie mtoto. Ni jambo dogo, na hakuna daktari anayeweza kulifanya kwa niaba yake. Vilevile mtoto apewe sahani yake. Katika sinia moja na ndugu zake, mwenye meno manne hawezi kushindana na mwenye ishirini na nane.

Kisha huja siku za kugoma. Jana alimaliza bakuli, leo amefumba mdomo, anageuza uso, anatema. Pengine anaota meno, pengine ana mafua, pengine ameona kuku na anataka kumfukuza. Mama aliyechoka hukata tamaa, na hapo ndipo mambo mawili mabaya hutokea. La kwanza ni kumlaza mtoto chali, kumbana pua na kumiminia uji. Mtoto hupaliwa, chakula huweza kuingia kwenye mapafu na kumwua, na asipopata madhara hayo hujifunza kuogopa kijiko. La pili ni hongo: biskuti, juisi ya pakiti, soda, chai ya sukari. Mtoto ananyamaza, anavunja njaa, na mlo wa kweli ukija hana nafasi. Chai nayo huzuia mwili kufyonza chuma cha chakula. Tabia hii ya kuwanyamazisha watoto kwa sukari imeingia hadi vijijini, na yapaswa kukemewa waziwazi.

Njia njema ni ya subira. Chakula kipya huweza kukataliwa mara nane, kumi, na zaidi, kabla hakijapendwa. Kilichotemwa Jumatatu kirudishwe Alhamisi, kidogo, pasipo ugomvi. Mtoto aketi wima, aangaliwe usoni, asemeshwe, aruhusiwe kushika kwa mkono na kujipaka. Nusu saa ikipita hataki, sahani iondolewe na ijaribiwe baadaye. Siku moja ya kugoma haimdhuru mtoto mwenye afya; ya kuangaliwa ni mstari wa kadi ya kliniki, si bakuli la jana.

Maradhi yana sheria yake. Mtoto mwenye kuharisha haachishwi chakula wala titi, hata kama wazee walizoea kulipumzisha tumbo. Apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku kumi hadi kumi na nne kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, aendelee kunyonya, ale kidogo mara nyingi zaidi. Akiwa analegea au hawezi kunywa, akimbizwe kituoni. Akishapona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili ili arudishe kilichopotea. Watoto wengi hawadumai kwa ugonjwa mmoja mkubwa. Hudumaa kwa homa na kuharisha kunakofuatana, kila mara wakipungua na kutopewa muda wa kufidia.

Yote haya hayawezekani kwa mikono miwili ya mama peke yake, na si haki kuyadai kwake. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baadaye hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba anapata siku 3. Mwajiri anayezihesabu saa mbili hizo kama uvivu anavunja sheria. Lakini muuza mboga sokoni na mkulima hawana mwajiri, nao ndio wengi. Kwao, mume anayechota maji na kuchanja kuni amefanya kazi ya lishe, na serikali ya kijiji ina sehemu yake. Halmashauri zimeagizwa kutenga Sh 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Fedha hiyo isiishie kwenye semina na fulana. Ikinunua jamvi, ndoo ya kunawia na sufuria, na kuchangia posho ya mama wa zamu karibu na mashamba au pembeni mwa soko, mtoto atapata ule mlo wa saa nne na ule wa saa nane ambao leo haupikwi.