Mnalilia Asili Gani?

Kila kitabu cha fantasia kikimweka mtu mweusi kwenye hadithi za Mfalme Arthur, lazima msee fulani aamke na wimbo ule ule: "Wanaharibu hadithi ya asili!" Jameni, asili gani?

Hebu tuhesabu pole pole. Geoffrey wa Monmouth aliandika habari za Arthur kwa Kilatini miaka ya 1130. Humo Lancelot hayumo. Aliyetupa mapenzi ya Lancelot na mke wa mfalme ni mshairi Mfaransa, Chrétien de Troyes, miongo kadhaa baadaye. Kisha Thomas Malory akachukua hadithi za Wafaransa, akakata, akaunganisha, kitabu kikachapishwa 1485. Hiyo ndiyo "asili" yenu: kazi ya mtu aliyepanga upya hadithi za wenzake.

Na kama unadhani shujaa mweusi ni mambo ya juzi, kuna shairi la Kiholanzi la karne ya 13 kuhusu Morien, kijana mweusi anayemtafuta babake, Aglovale, mmoja wa mashujaa wa Arthur. Karne ya 13, buda!

Sasa chukua Legendborn ya Tracy Deonn, ya 2020. Kama hujaisoma, ruka aya hii. Bree, msichana mweusi Mmarekani, anagundua kwamba ana damu ya Arthur. Ilimfikiaje? Kupitia mama wa ukoo wao aliyekuwa mtumwa, na mzungu aliyemmiliki. Deonn hajabadilisha rangi tu. Amechukua swali la kale la nani mrithi halali, akawarudishia wale wanaojivunia ukoo.

Sisemi kila kipya ni kizuri. Kuna waandishi wanaobadilisha ngozi tu na kuacha kila kitu kilivyokuwa. Hao ni wavivu, waambiwe. Lakini swali liwe hili: umebadilisha ili useme nini?

Hii kitu inaniuma kwa sababu naijua. Kabla niache chuo, niliandika kisa cha Fumo Liyongo kwa sauti ya mwanawe, yule aliyemdunga babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Nilitaka kujua alilalaje usiku ule. Mhadhiri akanirudishia karatasi: nisichezee hadithi za wazee.

Kwani wazee walizipata wapi, kama si kwa kusimulia, kila mmoja kwa mdomo wake?

Chuo niliacha. Hiyo hadithi naimaliza.